Ngozi Inayomkataa Kupe

Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ni kijiji cha mwisho cha Tanzania kaskazini mwa Gombe. Ukipita hapo uko Burundi. Anayetaka kuelewa kinga ya mifugo ya huku hawezi basi kuishia Kigoma. Ng'ombe wa Ankole, ambao kupe wao walihesabiwa katika kanda tano za ikolojia za Burundi katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, ni wa jamii ile ile ya pembe ndefu inayofugwa Buha na Karagwe.

Mfugaji wa zamani hakuuliza kupe anafanya nini mwilini. Aliuliza ng'ombe yupi abaki zizini. Ndama alikua akiumwa na kupe; aliyepona ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, akaja kuzaa, na asiyepona akafa. Ni mchujo mkali, na wanaousifu bila kuwataja ndama waliopotea wanasimulia nusu ya habari.

Madaktari wa mifugo wa kikoloni walishika njia nyingine. Mwaka 1901 ng'ombe waliopakiwa melini pwani ya Afrika Mashariki walishusha ndigana kali kusini mwa Afrika, na mifugo ya huko, isiyoujua ugonjwa huo, ikateketea. Jibu likawa josho: ua kupe, ugonjwa utakwisha. Josho lilifanya kazi, ila lilizaa kundi ambalo damu yake haikuwahi kukutana na adui. Zimbabwe ililipa deni hilo miaka ya 1970. Vita vilipovuruga uogeshaji, ng'ombe wanaokadiriwa kufika milioni moja walikufa kwa maradhi ya kupe.

Miaka hiyo hiyo, Muguga nchini Kenya, watafiti walirudi kwa mfugaji bila kumtaja. Chanjo yao ni vimelea hai vya ndigana kali vya aina tatu, vinavyochomwa pamoja na oksitetrasaiklini ili ng'ombe augue kidogo tu na apone. Kilichoachwa kwa bahati porini sasa kilipimwa kwa sindano. Wamasai wa Tanzania, ambao hakuna wa kuwafundisha thamani ya ndama, waliipokea kwa wingi.

Lakini hiyo ni kinga ya damu dhidi ya kimelea. Kinga ya ngozi dhidi ya kupe mwenyewe ni jambo jingine, na josho na sindano kwa pamoja zimetufanya tuisahau. Mwaka 1939 Mmarekani William Trager aliwaweka kupe wachanga juu ya simbilisi. Mara ya kwanza walishiba. Alipowarudia simbilisi wale wale na kupe wapya, waliofanikiwa kushiba walikuwa wachache na wadogo. Mate ya kupe huzuia damu kuganda na hutuliza mwasho; mwili uliokwisha kuyaonja hutengeneza kingamwili, na kwenye jeraha jipya hukusanyika seli ziitwazo basofili, zikamwaga histamini. Ngozi huwasha, mnyama hujilamba, kupe hung'oka au huondoka na tumbo nusu na kutaga mayai machache. Mwasho tunaouhesabu kuwa kero ndiyo silaha yenyewe.

Silaha hiyo inahitaji muda. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania kwa siku kadhaa, lakini papasi wa nyumba za udongo, aliyeogopwa na wasafiri wa njia za misafara, hunyonya usiku kwa dakika chache na kurudi ufani kabla mwasho haujaanza. 

Kwa ng'ombe muda upo, na zebu na Ankole wanautumia vizuri kuliko Friesian. Chanjo ya Muguga haiwagusi kupe, wala haizuii ndigana baridi. Mfugaji wa ufuko huu anayepandisha Ankole wake na dume la Friesian kwa ajili ya maziwa, hata akichanja kila ndama, anapata maziwa zaidi na ngozi isiyojua vema kumkataa kupe. Josho atalihitaji mara nyingi kuliko baba yake.