Hidrojeni ndani ya gari: woga ulitoka angani

Jioni ya tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 1937, puto kubwa la abiria la Wajerumani, Hindenburg, lilikuwa linatua Lakehurst, Marekani, likiwa na watu 97. Ndani yake mlijaa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa mara 14. Likashika moto, na dakika moja haikutimia likabaki mifupa. Watu 36 walikufa, mmoja wao mfanyakazi aliyekuwa chini. Mtangazaji wa redio, Herbert Morrison, alikuwa pale akirekodi. Kilio chake kikazunguka dunia, na hidrojeni ikabaki na jina baya. Wachache wanakumbuka kwamba 62 waliokuwa ndani walipona.

Mwaka 2014 Toyota ilipoanza kuuza Mirai, gari la hidrojeni, swali lilirudi: je, dereva amekalia bomu? Gari hilo halichomi gesi. Hidrojeni inakutana na oksijeni, umeme unatoka, na nyuma yanadondoka maji. Lakini gesi inabanwa ndani ya tanki kwa presha karibu mara 300 ya ile ya tairi. Kwa hiyo tanki limezungushiwa nyuzi ngumu za kaboni, na moto ukilizunguka, vali inajifungua yenyewe na kuitoa gesi kabla tanki halijapasuka.

Mwaka 2001, Michael Swain wa Chuo Kikuu cha Miami aliwasha moto magari mawili. Lile lililovuja hidrojeni lilitoa mwali uliokwenda juu, ndani halikupata joto kubwa. Lile la esanse liliteketea. Watu wa Sange, kati ya Uvira na Bukavu, hawana haja ya kuambiwa sababu. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010 lori la esanse lilipinduka kwao, watu wakaja na bidoni na ndoo. Esanse haipandi; inatiririka, na mvuke wake unabaki chini, miguuni mwa watu. Zaidi ya 200 walikufa.

Hata hivyo, hidrojeni si malaika. Haina harufu, mwali wake mchana hauonekani vizuri, na ikivuja ndani ya gereji iliyofungwa inajikusanya chini ya paa. Tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 2019, kituo cha kujazia hidrojeni kililipuka Kjørbo, karibu na Oslo, Norwe. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta kwamba bolti za tanki moja hazikukazwa sawasawa.