Debe, Gorogoro na Senti ya Tundu

Siku ya soko Karurumo, mama anayeuza maharagwe hana mizani. Ana bati. Zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia ya kilo mbili. Mafuta yaliisha, nembo ikafutika kwa kushikwashikwa, na sasa linaitwa gorogoro. Analizamisha guniani, analinyanyua likiwa na kichuguu juu, analitikisa punje zikae, kisha anaongeza kiganja kimoja cha nyongeza kwa mteja wake wa siku zote. Mteja mgeni hutazama chini ya bati kwanza, kwa kuwa wapo wauzaji wanaoligonga kitako kwa nyundo mpaka kikaingia ndani, na hapo kilo mbili hazitimii mbili.

Historia ya miji midogo kama Karurumo huandikwa mara chache, na inapoandikwa huanza na machifu, vita na wamisionari. Bati la yule mama lingefaa zaidi kuanzia. Kipimo na sarafu hupita mikononi mwa kila mtu, na katika mteremko huu wa mashariki ya Mlima Kenya vimebadilika mara nyingi kuliko watawala.

Karurumo iko Kyeni, kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes unaoelekea mto Thuci, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Wachuka. Ukipanda kuelekea msituni unakutana na migomba, viazi vikuu, majimbi, halafu majani chai. Ukishuka kuelekea Ishiara na Mbeere udongo unakauka, migomba inapotea, na badala yake kuna mtama, mawele, mbaazi, kunde, mbuzi na mizinga ya nyuki ikining'inia mitini. Safari ya miguu ya siku moja inatosha kumtoa mtu kwenye baridi ya chai mpaka kwenye jua la Tana. Aliye juu hana asali wala mbuzi wa kutosha. Aliye chini mvua ikikosa hana chakula. Soko lilizaliwa hapo, kabla hakujawa na duka, barabara wala boma la serikali.

Wanahistoria wawili wamelifanyia haki jambo hili. H. S. K. Mwaniki alikaa na wazee, akaandika waliyomweleza, na mwaka 1974 masimulizi yao yakatoka katika kitabu cha maandiko ya historia ya Embu. Charles Ambler naye, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu jamii za eneo la kati la Kenya mwishoni mwa karne ya 19, alionyesha jinsi Waembu, Wambeere, Wachuka, Watharaka, Wagikuyu na Wakamba walivyotegemeana kwa biashara hata walipokuwa wakiporana ng'ombe. Wambeere walifua chuma. Wakamba walileta sumu ya mishale na dawa. Waembu walitoa nafaka, maharagwe, ndizi na tumbaku.

Waliobeba mizigo hiyo walikuwa zaidi wanawake, ukanda wa kiondo ukiwa umewekwa utosini na mgongo umeinama. Hata wakati wa uhasama, mwanamke aliyekwenda sokoni kwa kawaida aliachwa apite, kwa sababu kumdhuru kulikuwa kujifungia njia ya chakula. Wanaume waliosafiri mbali walijilinda kwa njia nyingine: walichanjiana damu na mtu wa kule waendako, na tangu hapo nyumba ya ndugu huyo ikawa kambi yao. Masoko yenyewe hayakujua Jumatatu wala Jumamosi. Mahali pengi kuuzunguka mlima yalirudi kila siku ya nne, na kila soko likiachia jingine nafasi.

Mtandao huo ulifika mbali. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Ukambani, nyumbani kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivui, karibu na Kitui. Ni huko, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya. Na ni huko huko alipokutana na Rumu wa Kikandi, mtu wa Embu, aliyemweleza kwamba amefika mlimani lakini hakupanda juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichoporomoka kwa kishindo. Huko Ulaya wataalamu walibishana kwa miaka kama kweli kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na jibu alikuwa nalo mtu wa Embu aliyevuka Tana kwenda kwa Wakamba. Inafaa jina lake likumbukwe Embu kama la Krapf linavyokumbukwa vitabuni.

Biashara hiyo haikuwa heri tupu. Njaa kubwa ya 1897 hadi 1901, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliwafanya watu wa nyanda kavu wapande mlimani na kila walichonacho. Mifugo ilipokwisha, zilifuata familia zenyewe: wanawake na watoto waliachwa kwa wenye chakula, wengine wakakombolewa baadaye, wengine wakabaki kuwa watu wa huko. Zipo koo za mteremko huu ambazo shina lake lingine liko ng'ambo ya Tana kwa sababu ya miaka hiyo minne.

Kabla ya sarafu, hesabu kubwa ilifanywa kwa mbuzi. Ng'ombe, shamba, fidia na mahari vilitajwa kwa mbuzi, iwe mbuzi waliletwa au la. Kwa vitu vidogo kulikuwa na shanga, kauri za bahari ya Hindi na waya wa shaba, vilivyopandishwa kutoka pwani na misafara ya Waswahili na ya Wakamba. Kulikuwa pia na merikani, ile nguo ngumu isiyopaushwa. Jina lake ni ukweli mtupu: wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliiteremsha Zanzibar kwa marobota, na Marekani ilitia saini mkataba na Sultani Said mwaka 1833. Msafara ulioshindwa kubahatisha rangi ya shanga inayopendwa mwaka huo ulirudi na mzigo wake. Wanawake wa bara walijua mitindo yao, na mfanyabiashara wa pwani alilazimika kuifuata.

Mwaka 1906 Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki na kujenga boma. Baada ya bunduki ilikuja kodi ya nyumba, na kodi ilidai sarafu. Sarafu yenyewe ilikuwa rupia ya India, iliyoshuka melini Mombasa pamoja na vibarua wa reli na wenye maduka. Mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florini. Watu hawajaizoea, florini nayo ikaondoka, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Mzee aliyezika rupia chini ya kitanda chake mwaka 1918 alifukua 1922 akaambiwa hizo si hela tena za kulipia kodi mpaka zibadilishwe. Tusishangae kwamba wengi walirudi kuweka akiba zao katika mbuzi, ambaye thamani yake haitangazwi na bwana shauri.

Sarafu iliyopendwa ni ile ndogo yenye tundu katikati. Senti moja, tano na kumi zilitobolewa, na watu wasiokuwa na mifuko walizipitisha uzi na kuzifunga pindoni mwa shuka. Tundu hilo lina kisa chake cha ajabu. Kwa kuwa katikati kulikuwa wazi, hapakuwa na nafasi ya sura ya mfalme. Jina lake tu lilizunguka ukingoni. Edward wa Nane alipotwaa ufalme mwaka 1936, senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zikatengenezwa haraka na jina lake. Desemba ya mwaka huo huo aliacha ufalme ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni, na chache zilizobaki za majaribio huuzwa mnadani kwa mali nyingi. Huku kwetu mamake mtu alinunua chumvi kwa sarafu za mfalme asiyetawazwa, akarudishiwa chenji ya hizo hizo. Ukizikuta leo kwenye kopo la vifungo vya nyanya yako, usizitupe.

Debe nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa kwenda Asia na Afrika katika masanduku ya mbao, kila sanduku likiwa na mabati mawili ya mraba, na bati moja likichukua karibu lita 19. Wahindi waliyaita kwa neno lao la kopo, Waswahili wakalitamka debe. Mafuta yakiisha, debe lilianza maisha ya pili. Liliteka maji, lilipikia pombe ya harusi, lilikunjuliwa likaezeka paa la kibanda, vipande vyake vikafuliwa koroboi za kuwashia mafuta yale yale lililoyaleta. Na likawa kipimo. Pwani watu walikuwa na kibaba na pishi, na walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kijiti, na kibaba cha tele, chenye kilima. Huku mlimani debe likachukua nafasi hiyo, na ubishi wa mfuto na tele ukahamia kwake.

Kahawa ndiyo iliyolikita debe kabisa. Kwa miaka mingi walowezi walimzuia Mwafrika asilime zao hilo, wakisingizia magonjwa ya mimea na wizi, huku hofu yao kubwa ikiwa kukosa vibarua. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ilifungua mlango kidogo: Kisii, Embu na Meru. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 miche ilienea mashambani. Hadi leo mchumaji hulipwa kwa debe la buni mbivu. Kiwandani kwenye chama cha ushirika mizigo hiyo hiyo hupimwa kwa kilo. Hivyo kahawa ya mkulima mmoja huhesabiwa mara mbili kwa siku moja kwa lugha mbili, na mwenye shamba hujifunza kutafsiri.

Kahawa ilileta fedha za msimu, na fedha za msimu zikaleta duka. Chumba kimoja cha mawe au mabati, kaunta ya mbao, rafu tatu. Sukari ilifungwa katika karatasi iliyosokotwa kama pembe. Mche wa sabuni ulikatwa kwa waya, mteja akanunua kipande. Mafuta ya taa yalipimwa kwa kikombe, na sigara iliuzwa moja moja. Barazani alikaa fundi na cherehani yake ya Singer, akikanyaga huku akisikiliza habari zote za kijiji, na kila aliyesubiri suruali yake alichangia. Pembeni mzee alisaga tumbaku na magadi juu ya jiwe akauza ugoro kwa ncha ya kijiko. Bidhaa ya mwisho kwenye orodha hii ni akala, viatu vya matairi makuukuu, ambavyo humaliza safari ya lori miguuni mwa mkulima.

Katikati ya hayo yakaja mateso. Hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952, na Waembu wakawekwa kundi moja na Wagikuyu na Wameru. Nairobi, operesheni ya Anvil ya Aprili 1954 iliwakamata watu wa makabila hayo kwa maelfu. Nyumbani, familia ziliondolewa mashambani na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Kwenda soko la jirani kulihitaji kibali. Njia zilizopitwa na wanawake hata wakati wa vita vya kuporana ng'ombe zilifungwa na serikali iliyodai kuleta amani.

Masoko yalipofunguka, yalifunguka na michezo yake. Wachuka, majirani wa ng'ambo ya Thuci, walikuwa mashuhuri kwa ngoma ndefu wanazozibana mapajani, na Embu palikuwa na wachezaji waliopanda juu ya mironjo, vichwa vyao vikipita paa za maduka. Mganga alimwaga mbegu kutoka kibuyu chake na kuzihesabu. Muuza dawa alikuja na nyoka ndani ya sanduku. Alilifungua nusu, akazungumza saa nzima, na wakati nyoka anaonekana kamili watu walikuwa wamekwisha nunua. Jioni nyingine gari la sinema liliegeshwa uwanjani, shuka jeupe likatandazwa, na kati ya filamu moja na nyingine likatangazwa tangazo la sabuni. Watoto waliokaa nyuma ya shuka waliiona picha ile ile, ila maandishi yalikuwa kinyume.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliacha jina kwa majirani Wakamba: Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Zilikuwepo mkononi, mahindi hayakuwepo sokoni, na kwa mara nyingine watu wa chini walipandisha mbuzi wao mlimani kuwabadilisha kwa chakula kama babu zao.

Tangu Machi 2007 pesa hupita kwenye simu kwa M-Pesa. Mahari ikizungumzwa Kyeni, wazee bado hutaja mbuzi, mmoja mmoja, na kijana anayeoa hukokotoa kila mbuzi ni shilingi ngapi kabla ya kubonyeza namba. Nje, mama wa maharagwe amepokea ujumbe kwamba malipo yameingia. Anausoma mara mbili, anairudisha simu kifuani, kisha anaangalia gorogoro lililo mkononi na kuongeza kiganja kimoja.