TTL, namba inayozihesabu siku za pakiti

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping na anwani ya tovuti yoyote, kisha bonyeza Enter. Majibu yataanza kushuka mstari kwa mstari: baiti 32, milisekunde 180, na mwishoni TTL=52. Wengi husoma zile milisekunde, wakaguna au wakaridhika, wakafunga dirisha. Ile 52 hawaijali. Nimewasikia hata mafundi wakimweleza mteja kuwa TTL ikishuka ndipo mtandao unapokuwa mwepesi. Si kweli. Namba hiyo ni uhai uliobaki kwa pakiti, kile kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, na historia yake ni ya zaidi ya miaka 40.

Iliwekwa wazi Septemba 1981, katika waraka RFC 791 uliohaririwa na Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California. Waraka huo ndio uliofafanua IP, itifaki inayobeba intaneti mpaka leo. Walioiunda walikuwa na hofu moja. Ruta ni kifaa kinachozielekeza pakiti njia. Ruta ya kwanza ikiamini kwamba njia inapitia kwa ya pili, na ya pili ikiamini inapitia kwa ya kwanza, pakiti inakuwa kama jalada linalorushwa kati ya masjala mbili: huku wanaandika "lirudi kule", kule wanaandika "lirudi huku". Jalada moja halimuumizi mtu. Mamilioni yakizunguka hivyo, ofisi inasimama.

Dawa yao ilikuwa kuipangia kila pakiti kifo tangu inapozaliwa. Inapewa namba isiyozidi 255, kila ruta inapunguza, na ikifika sifuri pakiti inatupwa.

Jina lenyewe, TTL (time to live), yaani muda wa kuishi, lilimaanisha muda kwelikweli. Namba ilihesabiwa kwa sekunde, kwa hiyo umri mrefu kabisa ulikuwa dakika 4 na sekunde 15. Ila waraka uliweka sharti: kila ruta ipunguze angalau 1, hata kama pakiti imekaa kwake chini ya sekunde. Sharti hilo dogo ndilo lililogeuza mambo. Ruta zilivyozidi kuwa za kasi, hakuna pakiti iliyokaa sekunde nzima mahali pamoja, na kila ruta ikawa inapunguza 1 basi. Kilichokuwa saa kikawa kihesabu vituo. IPv6, toleo jipya la IP, lilipochapishwa Desemba 1995, jina lilirekebishwa likawa kikomo cha vituo. IPv4, lile toleo la 1981, imebaki na jina la zamani, na ndilo linalowapotosha watu hadi leo.

Programu ya ping yenyewe ilikuja Desemba 1983. Mike Muuss, wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alikuwa akihangaika na mtandao uliomsumbua. Aliiandika kwa jioni moja, akaiita kwa mlio wa sona, mawimbi ya sauti ambayo manowari hurusha majini na kusikiliza mwangwi wake. Alipomaliza kuirekebisha, hitilafu ilikuwa imeshapatikana na kutengenezwa. Muuss alifariki kwa ajali ya barabarani Novemba 2000, na chombo chake cha jioni moja kimo katika karibu kila kompyuta.

Kabla miaka ya 1980 haijaisha, Van Jacobson, kwa wazo la Steve Deering, aliona kwamba kifo cha pakiti kinaweza kutoa ushahidi. Ruta inayoitupa pakiti humpelekea mtumaji taarifa ya tanzia. Basi tuma pakiti yenye TTL ya 1, ruta ya kwanza itajitaja. Tuma ya 2, ya pili itajitaja. Endelea hivyo hadi mwisho wa safari. Ndiyo traceroute, na kwangu mimi hakuna matumizi ya TTL yaliyo ya akili kuliko hayo.

Turudi kwenye 52 yetu. Kompyuta za Linux kwa kawaida huanzia 64, Windows 128, na vifaa vingi vya mtandao 255. 64 ukitoa 52 unapata ruta 12. Angalia lakini: namba hiyo imewekwa na anayejibu, kwa hiyo inahesabu njia ya kurudi, ambayo huenda si ile ya kwendea.

Wala haipimi umbali. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu yetu. Kupanda na kushuka huko kulikula karibu nusu sekunde kwa kwenda na kurudi, ilhali TTL ilipungua 1 tu. Na kabla watoa huduma hawajawa na mahali pa kukutania Kenya, hata ofisi mbili za Nairobi zenye watoa huduma tofauti zilizungumza kupitia Ulaya au Marekani. Kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa 2000, mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya akakifunga baada ya muda mfupi, kikafunguliwa tena Februari 2002. Hapo ndipo pakiti za mtaa mmoja zilipoanza kubaki nyumbani.

Wewe unayetunza mtandao wa shule, ofisi au zahanati, andika daftarini TTL ya seva zako siku mambo yakiwa shwari. Ikibadilika ghafla nawe hujagusa kitu, ama njia imebadilika, ama anayekujibu si yule wa jana.