Dalili ya Mvua ni Mawingu

Msomaji mpenzi, wazee wetu walisema ya kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima ajua jambo moja ambalo methali hiyo haikulitaja: si kila wingu huleta mvua. Liko wingu jeusi lipitalo juu ya shamba kwa vishindo vya radi, kisha likaenda zake pasipo kudondosha hata tone moja. Na liko wingu dogo, lisilotazamwa na mtu, ambalo ndilo lililobeba masika. Mtu atayatambuaje haya mawili kabla mvua haijanyesha? Katika insha hii nataka tulitafute jibu mahali ambapo pengine hukupatazamia, yaani katika historia ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja cha Marekani, ambayo ilifundishwa na mtu mmoja kwa misimu 16 kabla ya kuonja ubingwa wa taifa.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambacho watu hukiita kwa kifupi UCLA. Nacho hakikosi uhusiano na nchi yetu. Katika miaka ya 1920 alisoma huko kijana mmoja, Ralph Bunche, aliyecheza mpira wa kikapu katika timu ya chuo. Huyo ndiye aliyejifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta mjini London katika mwaka 1937, na mwaka 1950 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Lakini miaka mingi baada ya Bunche kuondoka, sifa ya chuo chake katika mchezo huo ilikuwa haba. Katika msimu wa 1947-48 timu ilishinda mechi 12 ikashindwa 13. Ndipo alipoletwa mwalimu mpya, jina lake John Wooden.

Inafaa umjue kidogo mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Indiana, akalelewa shambani, na alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima. Kabla ya kwenda Los Angeles alifundisha katika chuo cha ualimu cha Indiana State. Huko, mwaka 1947, timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo. Lakini sheria ya mashindano hayo iliwakataza wachezaji weusi, na mmoja wa vijana wake, Clarence Walker, alikuwa mweusi. Wooden akaukataa mwaliko. Mwaka uliofuata sheria ile ikaondolewa, timu ikaenda, na Walker akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano yale. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ajengaye timu hana budi kwanza kujua ni nani walio wake, na kwamba hatamwacha mmoja wao mlangoni ili wengine wakale karamu.

Wooden alipofika Los Angeles, watabiri walisema timu yake itashika mkia katika kundi lake. Badala yake, katika msimu wa 1948-49, ilishinda mechi 22 ikashindwa 7 tu, ikaongoza kundi. Msimu uliofuata ilishinda 24, na mwaka 1950 ikaingia katika mashindano ya taifa, ambako ilitolewa upesi. Je, kama ungalikuwako wakati ule, usingalisema kwamba mvua imefika? Bila ya shaka wengi walisema hivyo. Kumbe lile lilikuwa wingu la kupita. Mwalimu hodari aweza kuiamsha timu iliyolala kwa msimu mmoja au miwili. Lakini kuamsha ni kazi moja, na kujenga ni kazi nyingine.

Zitazame hali walizofanyia kazi. Ukumbi waliopewa ulikuwa katika orofa ya tatu ya jengo la michezo, wala hawakuwa nao peke yao. Upande mmoja wacheza mieleka walikuwa wakigaragazana, upande mwingine wanajimnastiki wakirukaruka, na vumbi likitanda juu ya sakafu. Kabla ya mazoezi mwalimu mwenyewe, pamoja na vijana wachache wa kumsaidia, alishika ufagio akafagia. Alikuwa ameahidiwa ukumbi mpya katika muda wa miaka mitatu; ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1965, yaani miaka 17 tangu alipofika!

Baada ya msimu wa pili Purdue, chuo chake cha zamani, kilimwita arudi nyumbani, naye moyo wake ulitaka kwenda. Lakini wakuu wa UCLA wakamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyesisitiza apewe mkataba wa miaka mitatu. Ahadi ni deni, mwanamume akabaki.

Kisha ikaja miaka mirefu. Timu haikuwa mbaya, wala haikuwa ile iliyotarajiwa. Katika pwani ile ile ya magharibi kilitokea Chuo Kikuu cha San Francisco pamoja na jitu lake, Bill Russell, wakatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1955 na 1956. Na UCLA ilipoingia katika mashindano ya taifa mwaka huo wa 1956 ilikutana nao ikatolewa. Katikati ya miaka hiyo wakuu wa zimamoto wakasema ya kwamba ukumbi wa orofa ya tatu ni wa hatari kwa umati wa watazamaji. Basi timu ikawa haina kwao. Mechi zake za nyumbani ikazichezea katika kumbi za kuazima, leo hapa, kesho pale, kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Hatimaye, katika msimu wa 1959-60, ikashinda mechi 14 na kushindwa 12. Huo ndio uliokuwa msimu mbaya kuliko yote aliyopata Wooden chuoni hapo.

Simama hapa, msomaji, ufikiri. Sisi tunaosoma historia twajua mwisho wa habari, na kwa hiyo ni rahisi kwetu kusema kwamba mambo yalikuwa yakienda vizuri. Lakini mtu aliyesimama katika mwaka 1960 hakuona ila hesabu: 14 kwa 12. Mwalimu amekaa miaka 12, ukumbi hana, ubingwa hana. Mtu huyo angaliweza kusema kwa haki, "Yatosha, mleteni mwingine." Je, iko dalili yoyote ambayo angaliweza kuiona?

Naam, ilikuwako, lakini haikuandikwa katika ubao wa matokeo. Ilikuwa katika mazoezi. Wooden aliandika mpango wa kila siku katika kadi ndogo: dakika hizi kwa zoezi hili, dakika zile kwa zoezi lile, kadi akazitia mfukoni, na kumbukumbu zake akazitunza mwaka hata mwaka, apate kulinganisha. Mwanzoni mwa msimu hakuanza kwa kufundisha namna ya kutupa mpira kikapuni. Aliwakalisha vijana akawafundisha kuvaa soksi na kufunga viatu! Wewe utacheka, lakini soksi yenye mkunjo huleta lengelenge, lengelenge humtoa mchezaji uwanjani, na mchezaji asiyekuwapo hafungi bao. Mwalimu anayefanya hivyo kwa timu ya mabingwa hatustaajabu sana. Ajabu ni yule aliyefanya hivyo kwa miaka mingi bila ya ubingwa, pasipo kupunguza hata soksi moja.

Dalili ya pili ilitokea katika msimu wa 1961-62. Mwanzo wake ulikuwa wa kuhuzunisha: katika mechi 11 za kwanza walishinda 4 tu. Miongoni mwao alikuwapo kijana mgeni katika timu, Walt Hazzard wa Philadelphia, ambaye pasi zake zilikuwa za hila nyingi hata zikawashangaza wenzake kabla ya kuwashangaza maadui. Lakini timu haikutawanyika. Vijana wakajifunza kuitazamia mikono ya Hazzard, na Hazzard akajifunza kuwatazama wenzake. Katika mechi 18 zilizosalia walishinda 14, wakafika nusu fainali ya taifa, jambo ambalo chuo hicho hakikupata kulifanya kamwe. Huko walipambana na Cincinnati, waliokuwa mabingwa. Wakaenda sare, 70 kwa 70, mpaka sekunde za mwisho, ndipo Tom Thacker wa Cincinnati alipotupa mpira ukaingia: 72 kwa 70. Cincinnati wakautwaa ubingwa tena.

Sasa zitazame hesabu kwa makini. Mtu akiusoma msimu huo kwa jumla ataona kwamba walishinda 18 wakashindwa 11, ambazo si hesabu za kuvuma. Bali akiugawa msimu, aulize walianzaje na wakamalizaje, ataona timu mbili mbalimbali zenye majina yale yale. Timu inayojengwa usiipime kwa mahali ilipo tu. Ipime kwa umbali iliotembea.

Msimu uliofuata, wa 1962-63, walishinda 20, lakini katika mashindano ya taifa Arizona State waliwapiga vibaya. Hata hivyo watu walikuwa wakikamilika. Kando ya Hazzard walisimama Gail Goodrich, kijana mfupi mwenye shabaha. Keith Erickson, mrukaji. Jack Hirsch, mjanja wa ulinzi. Na Fred Slaughter, aliyecheza katikati. Kasoro yao ilikuwa moja, na kila mtu aliiona: walikuwa wafupi. Hapakuwa na hata mmoja katika watano hao aliyezidi futi 6 na inchi 5, na katika mchezo huo hicho ni kimo cha kawaida tu.

Hapa ndipo ilipotokea dalili ya tatu, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Msaidizi wa Wooden alikuwa Jerry Norman, ambaye zamani alikuwa mchezaji wake. Norman alimshauri watumie mbinu ya kuwakaba maadui uwanja mzima, mara tu mpira unapotiwa mchezoni. Sheria ilitaka timu yenye mpira ivuke nusu ya uwanja katika sekunde 10. Basi, wakisongwa tangu mwanzo, wale warefu wangelazimika kukimbia, kupapatika na kupoteza mipira. Nao wafupi wenye miguu myepesi wangeifaidi kasi hiyo. Wooden alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na sifa zake mwenyewe. Angaliweza kusema kwamba mtoto hamfundishi baba kulima. Lakini alisikiliza, akakubali. Mwalimu akafundishwa na mwanafunzi wake.

Matokeo yake yamo katika vitabu. Katika msimu wa 1963-64 UCLA walicheza mechi 30 wakashinda zote 30. Fainali ilichezwa mjini Kansas City mwezi Machi 1964, nao walikutana na Duke, wenye wachezaji wawili wa futi 6 na inchi 10. Duke waliongoza 30 kwa 27. Kisha ule mkabo ukaanza kuuma, na katika muda wa dakika mbili na nusu hivi UCLA wakapata alama 16 mfululizo, Duke wasipate hata moja. Mwisho ulikuwa 98 kwa 83. Goodrich alipata alama 27. Lakini mtu wa kukumbukwa ni Kenny Washington, kijana mweusi aliyesafiri kwa basi kutoka South Carolina mpaka California kwa maneno ya rafiki yake Hazzard. Hakuwa katika wale watano wa kwanza. Alikuwa mchezaji wa akiba. Siku hiyo alitoka benchi akapata alama 26. Hebu kumbuka sasa ule mwaliko uliokataliwa mwaka 1947, ndipo utakapoona ya kuwa msingi wa nyumba hii ulichimbwa mapema sana.

Baada ya hapo mvua ilinyesha kweli kweli. Tangu 1964 hata 1975, Wooden alipostaafu, UCLA walitwaa ubingwa wa taifa mara 10, na katikati ya miaka hiyo walishinda mechi 88 mfululizo. Watu wengi huikumbuka miaka hiyo tu. Mimi nimependa tuikumbuke ile iliyotangulia, kwa maana ndiyo inayofanana na maisha yetu.

Huenda timu ya shule yako inashindwa leo. Au huenda wewe mwenyewe wapata alama ndogo katika hesabu, nawe wajiuliza kama kuna faida ya kuendelea. Usijidanganye kwa kusema kwamba kushindwa ni kushinda. Kushindwa ni kushindwa, na hesabu ya 14 kwa 12 haikuwa ya kujivunia. Lakini kabla ya kukata tamaa, jiulize maswali matatu. Je, kazi ndogo zisizoonwa na mtu zafanywa bado kwa uangalifu ule ule? Je, mwisho wa muhula si kama mwanzo wake? Je, makosa yakionyeshwa, yuko anayekubali kusahihishwa, hata aliye mkubwa?

Majibu yakiwa ni la, jua kwamba hata ushindi wa leo ni wingu la kupita. Yakiwa ni ndiyo, endelea kulima, msomaji wangu, na shamba lako uliweke tayari.