Mwandishi na Wasomaji Wake: Habari za Mtakatifu Augustino

Jambo hili tunalijua sote. Sala ambayo watu wameizoea tangu utoto ikibadilishwa neno moja tu, kanisa zima linasikia. Midomo inasita, wazee wanatazamana, na baada ya Misa watu wanaulizana mlangoni: «Nani ametuharibia sala yetu?» Wengine wanadhani hiyo ni tabia ya watu wa siku hizi. Sivyo. Ni jambo la zamani sana, tena lilitokea katika Afrika yetu, miaka 1600 na zaidi iliyopita. Tunapenda kuwasimulia habari hiyo, maana inatufundisha jinsi wanavyopaswa kuishi watu wawili ambao mara nyingi hawaonani kwa macho: yule anayeandika na yule anayesoma.

Katika pwani ya Afrika ya Kaskazini palikuwa na mji, jina lake Oea. Leo unaitwa Tripoli, nao ni mji mkuu wa Libya. Askofu wa Oea alikuwa amepata tafsiri mpya ya Maandiko Matakatifu, kazi ya Mtakatifu Yeronimo, aliyekaa Betlehemu na kuyatafsiri katika Kilatini kutoka Kiebrania. Askofu akaagiza isomwe kanisani. Siku moja kikasomwa kitabu cha nabii Yona, pale ambapo Mungu anaotesha mmea upesi ili umpe Yona kivuli. Katika tafsiri ya zamani mmea huo ulikuwa mmung'unye. Safari hii watu wakasikia jina la mmea mwingine, mmoja wa kutambaa ukutani, ambao Walatini waliuita hedera.

Papo hapo ghasia ikazuka. Neno la zamani lilikuwa limekaa masikioni na mioyoni mwao. Wazazi wao na babu zao walilisikia vile vile. Wenye kujua Kigiriki wakapiga kelele kuliko wengine, wakisema kwamba tafsiri mpya ni ya uongo. Askofu akalazimika kuwauliza Wayahudi wa mji ule. Nao wakajibu kwamba vitabu vya Kiebrania vinasema sawa na vile vya zamani. Basi askofu akalirudisha neno lililozoeleka, maana aliogopa asije akabaki mchungaji bila kundi.

Habari hii tumeipata wapi? Katika barua ambayo Mtakatifu Augustino alimwandikia Yeronimo mwaka 403. Augustino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras katika Algeria. Alizaliwa mwaka 354, akabatizwa Milano mwaka 387, kisha akawa padri na baadaye askofu wa Hippo, mji wa pwani ambao leo unaitwa Annaba. Aliandika kupita waandishi karibu wote wa wakati wake. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Mwandishi alisema, makarani wakaandika; kisha kila nakala ilitolewa kwa mkono. Watu wengi hawakujua kusoma: mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Kwa hiyo watu wa Oea nao walikuwa wasomaji, ingawa walisoma kwa masikio.

Augustino hakuwacheka watu wale. Alimwambia Yeronimo kwamba ni vigumu kulitikisa neno ambalo watu wamelisikia vizazi vingi. Alimkumbusha pia kwamba zamani, alipotafsiri kitabu cha Ayubu, alitia alama ili msomaji aone mahali ambapo Kiebrania na Kigiriki vinatofautiana. Kwa nini asifanye hivyo tena?

Yeronimo akajibu mwaka 404, tena kwa ukali. Alisema kwamba Wayahudi wa Oea ama hawakujua Kiebrania ama walitaka kuwadhihaki Wakristu. Halafu akaeleza shida yake. Mmea ule wa Yona, alisema, una majani mapana kama ya mzabibu na kivuli kizito, nao husimama kwa shina lake bila kuegemezwa. Kilatini hakina jina lake. Kama angeandika jina la Kiebrania, hakuna ambaye angelielewa. Kama angeandika mmung'unye, angesema kitu kisichomo katika Kiebrania. Basi akafuata watafsiri wengine, akaandika hedera. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba ulikuwa mbarika, mti ule ule wa mafuta ambao tunaujua katika nchi zetu.

Basi nani alikuwa na haki? Yeronimo alikuwa na elimu, na neno lake lilibaki katika Biblia ya Kilatini. Lakini watu wa Oea nao walikuwa na haki moja, nayo ni kubwa: haki ya kuelezwa sababu. Maelezo yale mazuri juu ya majani na shina yalikuja baada ya ghasia. Kama wangeambiwa mapema, pengine wangenung'unika kidogo tu, kisha wangesikiliza.

Sasa mtauliza: kwa nini Yeronimo alijibu kwa ukali? Ugomvi ulikuwa na mzizi wa zamani. Yapata mwaka 395 Augustino alikuwa amemwandikia barua ya kwanza. Alimpinga juu ya maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Wagalatia, pale Paulo anaposema kwamba alimkemea Petro. Yeronimo alifundisha kwamba makemeo yale hayakuwa ya kweli, bali mitume walifanya vile kwa makusudi ili kuwafundisha watu. Augustino aliona hatari: kama Maandiko yana uongo mmoja, hata wa kusaidia, nani atayaamini mengine? Lakini barua ile haikufika. Rafiki aliyepaswa kuipeleka alichaguliwa kuwa askofu, kisha akafa upesi. Augustino akaandika ya pili. Hiyo nayo haikufika Betlehemu. Mchukuzi hakwenda, na barua ikaanza kuzunguka katika Italia. Watu wakaisoma na kuinakili. Yeronimo akasikia uvumi kwamba askofu mmoja wa Afrika ameandika kitabu cha kumpinga na kukipeleka Roma. Mwishoni akapata nakala tu, isiyo na sahihi.

Fikirini uchungu wa mzee yule! Maneno aliyoandikiwa yeye, wengine waliyasoma kwanza, naye akayapata mwisho. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Augustino hakuwa na nia mbaya, lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kumwagika. Alifanya nini? Aliomba msamaha, bila kuiacha hoja yake. Yeronimo naye alipoa polepole. Mwaka 415 Augustino alimtuma Orosius, padri kijana wa Hispania, kwenda Betlehemu na maswali mazito, kama mwanafunzi anayemwuliza mwalimu wake. Wazee hao wawili, ambao hawakuonana hata siku moja, wakawa marafiki kwa karatasi tu.

Wasomaji wa Augustino mwenyewe nao walimpa taabu. Yapata mwaka 400 alianza vitabu vyake juu ya Utatu Mtakatifu. Kazi ilikuwa ngumu, ikachukua miaka mingi. Hata kabla hajamaliza kitabu cha 12, watu wasiovumilia wakazichukua karatasi bila ruhusa yake na kuzieneza. Alikata tamaa, akaiacha kazi. Lakini ndugu zake walimsihi, na Aurelius, Askofu wa Karthago, akamhimiza. Basi akamaliza vitabu vyote 15. Ajabu ni hii: katika kitabu cha kwanza hakuwalaani wasomaji. Alimwomba msomaji awe mwenzake wa safari, wasaidiane njiani, na atakayemwona mwenzake amepotea amwite arudi.

Je, hayo yalikuwa maneno matupu? Yapata mwaka 426, Augustino alipokuwa amepita miaka 70, watawa wa Hadrumetum, mji ambao leo ni Sousse katika Tunisia, waligombana kwa sababu ya barua yake. Mtawa mmoja, jina lake Florus, aliikuta nakala yake pengine, akawapelekea wenzake. Ilikuwa barua juu ya neema ya Mungu, aliyomwandikia padri mmoja wa Roma. Wengine waliisoma wakasema: «Kama yote ni neema, basi kujitahidi kuna faida gani? Na mkubwa wetu atatukemea kwa nini?» Ndipo vijana wawili, Cresconius na Felix, wakafunga safari mpaka Hippo ili wamwulize mwandishi mwenyewe.

Augustino angeweza kuwafukuza. Alikuwa mzee, mgonjwa mara kwa mara, tena mwenye kesi za watu na mahubiri. Lakini aliwakaribisha, akasoma barua ile pamoja nao, akawaweka hata wakasherehekea Pasaka kwake. Kisha akaandika kitabu kwa ajili ya watawa wale. Na yalipotokea maswali mengine, akaandika cha pili. Tazameni basi: vitabu viwili ambavyo Kanisa linavisoma hata leo vilizaliwa kwa sababu wasomaji walisema waziwazi kwamba hawakuelewa.

Lakini yako makosa ya msomaji pia, na Augustino hakuyaficha. Katika mwaka 1981 zilichapwa barua zake ambazo zilikuwa zimesahauliwa katika maktaba za Ulaya, zilizogunduliwa na mtaalamu Johannes Divjak wa Austria. Moja iliandikwa kwa Firmus, mtu wa Karthago. Firmus alikuwa amesoma vitabu kumi vya kwanza vya Mji wa Mungu, kazi kubwa ya Augustino, akavisifu sana. Hata hivyo alikuwa bado mkatekumeni, akiahirisha ubatizo wake kila mara. Augustino hakufurahia sifa zile. Alimwonyesha kwamba vitabu vile viliandikwa ili watu waingie katika Mji wa Mungu, si ili wausifu wakiwa wamesimama nje. Mwandishi wa namna gani huyu, anayekataa kuridhika na sifa? Ni yule anayempenda msomaji wake kuliko jina lake mwenyewe.

Katika miaka ya 426 na 427 Augustino alifanya jambo ambalo waandishi wachache wamethubutu kulifanya. Alivichukua vitabu vyake, akavisoma upya kimoja kimoja kama hakimu. Alihesabu kazi 93, zenye vitabu 232. Alivipanga kwa utaratibu wa miaka, ili msomaji aone jinsi mwandishi alivyoendelea. Mahali alipokosea, akasema: nimekosea. Mahali aliposema maneno ya kujionyesha, akajikemea. Hakuweza kuzirudisha nakala zilizokwisha enea duniani. Basi aliandika kitabu kingine kizifuate na kuzisahihisha. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, wakati jeshi la Wavandali lilipouzingira mji wake.

Ndugu wasomaji, mambo haya yanatuhusu sote. Sisi tunaoandika tuko katika hatari ya Yeronimo: kuwa na haki, lakini kusahau kueleza. Tuko pia katika hatari ya kupenda sifa. Ninyi mnaosoma mko katika hatari ya watu wa Oea, kukasirika kabla ya kuuliza. Na katika hatari ya Firmus, kusifu na kuliweka gazeti chini pasipo kufanya lolote. Tena yuko yule anayeeneza barua isiyo yake, na siku hizi barua huenea upesi kuliko wakati wa Augustino.

Kwa hiyo tuige vijana wale wawili wa Hadrumetum. Hawakunyamaza wala hawakupiga kelele. Walishika njia, wakaenda kuuliza. Nasi tunaoandika tuige mzee yule wa Hippo, aliyefungua mlango, akaketi nao, akasoma nao maneno yake mwenyewe tangu mwanzo.