Oxford: Mji wa Kengele Mbili

Mji wa Oxford uko kaskazini-magharibi ya London, yapata maili 56. Mtu atokaye London asubuhi kwa garimoshi aweza kuutembelea kwa miguu na kurudi jioni. Wageni wengi huenda kutazama majumba yake mazuri ya mawe. Sisi twataka kuwaongoza wasomaji wetu katika mji huo kwa shabaha nyingine: kuona jinsi watu wa elimu na wenyeji wa mji walivyogombana kwa karne nyingi, na jinsi walivyopatana.

Na tuanze Carfax, katikati ya mji, mahali njia nne zinapokutana. Hapo pana mnara wa mawe. Ndio uliobaki wa kanisa la Mtakatifu Martin, lililobomolewa mwaka wa 1896 ili njia ipanuliwe. Kengele ya kanisa hilo ndiyo iliyokuwa ikiwakusanya watu wa mji. Sasa tufuate njia kuu kwenda mashariki. Baada ya mwendo mfupi twafika kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo ni kanisa la Chuo Kikuu. Kengele yake iliwakusanya wanachuo. Basi mji ulikuwa mmoja, lakini kengele zilikuwa mbili.

Ugomvi huo ulitoka wapi? Zamani wanafunzi hawakuwa na nyumba zao. Walipanga kwa wenyeji. Wanafunzi walilalamikia kodi na bei ya chakula. Wenyeji nao walichukizwa na vijana wasiohukumiwa katika baraza ya mji, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wa kanisa. Mwaka wa 1209 mwanamke mmoja wa mji aliuawa, na aliyeshukiwa, mwanafunzi, akakimbia. Wenyeji wakawakamata wenziwe waliokaa naye nyumba moja, wakawanyonga. Kwa hofu wanachuo wakatawanyika, na wengine wakaenda Cambridge. Huo ndio mwanzo wa Chuo Kikuu cha pili cha Uingereza.

Vita vikubwa zaidi vilianza tarehe 10 Februari, 1355, katika nyumba ya mvinyo karibu na Carfax. Wanafunzi walisema kwamba mvinyo ni mbaya. Mwenye nyumba akawajibu kwa ukali. Nao wakammwagia usoni. Kengele ya Mtakatifu Martin ikalia, na ya Mtakatifu Maria ikajibu. Siku ya pili watu wa mashamba waliingia mjini kuwasaidia wenyeji. Yasimuliwa kwamba wanachuo 63 waliuawa, na wenyeji yapata 30. Hasira hasara.

Mfalme Edward wa Tatu alikishika mkono Chuo Kikuu. Alikipa amri juu ya bei ya mkate na pombe, na juu ya mizani na vipimo vya sokoni. Tena kila mwaka meya wa mji pamoja na wenyeji 60 walilazimishwa kwenda kanisa la Mtakatifu Maria kuombea wafu na kutoa peni 63, peni moja kwa kila mwanachuo aliyekufa. Desturi hiyo ya kudhalilishwa ilidumu hata mwaka wa 1825, yaani miaka 470.

Tukienda kusini kidogo twaona Merton, iliyoanzishwa mwaka wa 1264. Ina kuta nene na lango lenye bawabu, na ndani yake mna viwanja vilivyozungukwa na vyumba. Kisha, huko Christ Church, twaona mnara wenye kengele iitwayo Tom, yenye uzito wa zaidi ya tani 6. Hulia mara 101 kila usiku saa 3 na dakika 5. Zamani ilikuwa ishara ya kufunga malango. Kwa nini dakika 5? Kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich, jua huchelewa hapo dakika 5, na kengele hufuata bado saa ya kale ya mji.

Mwaka wa 1955, miaka 600 baada ya vita vile, Chuo Kikuu kilimpa meya shahada ya heshima, na mji ukampa mkuu wa Chuo heshima ya uenyeji. Wagombanao ndio wapatanao. Lakini miaka 600 ni mingi mno.

Sisi tulio walimu, na ninyi mnaosoma, tulitafakari jambo hili. Mwanafunzi hula mahindi yaliyolimwa na mwingine, na hulala chini ya paa lililoezekwa na mwingine. Akirudi kijijini akiwadharau waliomlisha, anawasha moto ule ule wa Carfax. Nao wanakijiji wakimchukia kwa sababu ya kitabu chake, wanamfukuza aende kuufaidia mji mwingine, kama Oxford ilivyoifaidia Cambridge.