Bomba la Richmond na Siasa ya Kutu

Ninapofundisha historia ya viwanda, wanafunzi wangu hutarajia habari za mikataba, migomo na marais. Mimi huanza na kipande cha bomba.

Jioni ya tarehe 6 Agosti 2012, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron mjini Richmond, California, bomba litokalo kwenye mnara wa kukeneka mafuta ghafi lilipasuka. Wingu la mvuke liliwafunika wafanyakazi 19, kisha likawaka. Wote walinusurika. Moshi, hata hivyo, ulitanda juu ya mji, na katika wiki zilizofuata watu wapatao 15,000 walitafuta matibabu.

Bomba hilo la chuma cha kaboni lilifungwa mwaka 1976. Mafuta ghafi yana salfa, na joto likizidi nyuzi 230 hivi za sentigredi, salfa huanza kula chuma. Chuma chenye silikoni kidogo huliwa upesi zaidi. Chenye kromi asilimia 9 hustahimili. Ubaya ni kwamba vipande vya bomba moja huweza kutofautiana kwa silikoni. Ukipima unene mahali pachache tu, utakipima kilicho salama na kukiacha kilicho mahututi. Ndivyo ilivyokuwa Richmond: karibu na ufa, ukuta wa bomba ulikuwa umeliwa kwa takribani asilimia 90.

Je, hapakuwa na aliyejua? Walijua. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilibaini kwamba wataalamu wa kampuni yenyewe walikuwa wamependekeza, miaka kadhaa kabla, kila kipande kipimwe au bomba libadilishwe. Halikufanyika lolote kati ya hayo. Hata siku ile, uvujaji ulipoonekana, mtambo haukuzimwa. Watu walitumwa kubandua ganda la kuhifadhi joto ili kulitafuta tundu.

Hapo ndipo kutu inapogeuka kuwa siasa. Elimu ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa chini aliyesikilizwa akisema, “Zima.” Kanuni mpya za California za mwaka 2017 zililigusa jambo hilo: ziliwataka wenye viwanda wachunguze mapema jinsi mitambo inavyoliwa, na zikatambua mamlaka ya wafanyakazi kusimamisha kazi ya hatari.

Jirani zetu wa Uganda wanapanga kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta huko Hoima. Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujauliza kitazalisha mapipa mangapi, uliza ripoti ya mpima unene itafika mezani kwa nani, na asipoisoma atawajibika kwa nani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.